Mstari Uliomtoa Baba Kijijini

Rotterdam, Jumapili asubuhi

Kwa baba yangu mpenzi, Mzee Omari,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umesharudi kutoka shamba ng'ambo ya mto, goti limetulia, na mama amekupikia kitu chenye nazi ya kutosha. Ukiuliza hali yangu, mimi mzima, nakula, nasali, na kile kikohozi ulichokisikia kwenye simu kimepona. Mama aliniambia ninywe tangawizi, nami nimekunywa mpaka jirani akaniuliza kama nimefungua mgahawa.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Dada Mwanahamisi ataipokea kwenye simu yake, ataichapa pale steshenari kwake Kibiti, atakuja nayo mwenyewe na kukusomea, maana miwani yako naijua, kazi yake ni kukaa mfukoni. Nimeandika kwa sababu mbili. Kwanza, wiki hii nimekupigia mara mbili nikiwa na jambo zito la kukwambia, na mara zote mbili ukaniuliza habari za baridi, nikaeleza baridi, nikaaga. Pili, jambo lenyewe nataka liwe kwenye karatasi, ili na wengine wapate kusomewa.

Nianze na habari za huku, usije ukasema mtoto kaandika shida tupu.

Kazi inaendelea. Wewe huwaambia watu kwamba Zuhura anatengeneza kompyuta, na mimi nimeshachoka kukusahihisha. Naandika programu, yaani maagizo ambayo kompyuta inayafuata. Yapo ya kuandikwa kwa lugha hii na yapo ya lugha ile, na wenzangu kazini wanaweza kubishana kutwa nzima lugha ipi ni bora, kama nyie barazani mnavyobishana juu ya timu zenu za mpira, hakuna anayehama na hakuna anayeshinda. Zamani nami nilikuwa mbishi. Siku hizi nasema lugha nzuri ni ile ambayo mtu atakayekuja baada yangu ataisoma akanielewa, basi.

Ubishi mpya ni wa akili mnemba. Huyu ni msaidizi aliye ndani ya kompyuta. Unamwambia unachotaka kwa maneno ya kawaida, naye anakuandikia maagizo yote kabla chai haijapoa. Wapo kazini wanaomwona kama mkombozi, wapo wanaoogopa atawanyang'anya ugali. Mimi namtumia kila siku na sitakudanganya kwamba simpendi. Ila kasoro yake moja inanikera: anakubali mno. Ukimwagiza upuuzi, atakutengenezea upuuzi safi, uliopangwa vizuri, bila kukuuliza mara ya pili kama una hakika.

Siasa za huku nazo hazijambo. Uchaguzi unakaribia na kila ukiwasha redio wanazungumzia wageni, kwamba tumejaa, kwamba nyumba hazitoshi kwa ajili yetu. Juzi wakati wa chakula cha mchana mwenzangu mmoja, mtu mwema kabisa, alinieleza kwa nini atawapigia kura wanaotaka wageni wapungue. Halafu akanigusa bega akasema, "Lakini siyo wewe, Zuhura. Wewe ni mwenzetu." Nikacheka nikaendelea kula. Nilipofika nyumbani ndipo nilipokasirika, na hasira yenyewe ilinishinda kuieleza. Nadhani ni kule kuona kwamba kuna orodha mahali fulani kichwani mwake, nami sijui nimeingizwaje na nitatolewaje.

Sasa baba, kaa vizuri. Dada, kama anataka kunyanyuka, mshike kanzu.

Alhamisi Dada Mwanahamisi alinipigia akanisimulia habari ya mkutano mkuu wa kijiji, ambayo wewe umenificha miezi yote hii. Alisema mlikusanyika kuamua kama mashamba ya ng'ambo yabaki ya mpunga wetu au apewe yule mwekezaji anayeyataka. Mtendaji akawa anasoma majina kutoka orodha mpya ya wakazi, na la kwako halikusomwa. Ukasimama. Ukasema, "Mie Omari Mbonde. Nimezaliwa hapa, na wazee wangu wamelala hapo nyuma ya msikiti." Mtendaji akatazama karatasi zake, akakujibu, "Mzee, kompyuta inasema weye si mkazi wa hapa." Watu wengine wakaguna, wengine wakacheka. Wewe ukachukua kofia yako ukaondoka, na nyuma yako wakaondoka wengine ambao majina yao hayakuwamo. Wote ni wenye mashamba ng'ambo. Wote wangesema hapana. Waliobaki wakanyoosha mikono, na mashamba yakapita kwa mwekezaji.

Dada akaniambia yaliyofuata. Kwamba hujakanyaga kwa Mzee Mkumba tangu siku ile. Mwenyekiti wa kijiji mliyetoka naye jando moja, aliyekushika mkono siku unamuoa mama, aliyetubeba sisi watoto wako mgongoni. Kwamba alipofiwa na dada yake ulikwenda mazikoni, ukasimama kule mwisho, na watu walipopeana mikono ya pole wewe ukampita. Kwamba vijana wa chama chako wamekuomba upande jukwaani Jumamosi ijayo, uwanjani Nyamisati, useme mbele ya watu kuwa Mkumba na chama chake walikukata jina kusudi. Na kwamba umekubali.

Baba, Mzee Mkumba hakukukata jina. Nililikata mimi.

Nakueleza pole pole, na ninaomba usinikatize, ingawa najua umeshamkatiza dada mara tatu.

Unakumbuka nilipokuja likizo. Mzee Mkumba alinifuata pale nyumbani na daftari la wakazi lililoliwa na mchwa, akasema, "Binti yangu, weye umesoma hukohuko kwa wenyewe, tutengenezee daftari ambalo mchwa hawali." Nilifurahi. Nilitaka kijiji changu kiwe na kitu kizuri kilichotoka mkononi mwangu. Nikarudi huku, nikaitengeneza hiyo programu siku zangu za mapumziko, na waandikishaji wakapita na simu nyumba kwa nyumba.

Walipita wakati wa kuamia ndege wasile mpunga. Walipofika nyumbani, mama akawaambia, "Omari yupo, ila yuko shamba," wakaandika jina lako kwenye nyumba yetu. Wiki mbili baadaye mwandikishaji mwingine akavuka kwenda ng'ambo, akakukuta juu ya dungu, kile kibanda chako cha miti katikati ya mpunga, unafukuza ndege, akakuandika tena. Kwa hiyo ulikuwamo mara mbili. Na siyo wewe tu, kila mwenye dungu alikuwamo mara mbili.

Akili mnemba ikaniambia, haya majina yamejirudia, nifanyeje? Kwa mara moja katika maisha yake iliuliza, na mimi ndiye niliyejibu vibaya. Nikaiambia, mtu mmoja makazi mamoja, chukua yaliyoandikwa mwisho. Hapo wote mkahamia ng'ambo. Halafu nilikuwa nimeiagiza pia kwamba anayekaa nje ya vitongoji vya kijiji asiingie kwenye orodha, na ng'ambo si kitongoji, ni mashamba. Mkatoka wote, kimya kimya. Sikupekua tena. Niliwatumia orodha na picha yangu nikitabasamu.

Unajua kinachoniumiza? Kosa hili mgeni asingelifanya. Mzungu angefika pale angeuliza, nyinyi mnakaa wapi? Mngemcheka, mkamweleza kuwa nyumba iko huku na miezi ya mpunga mtu anahamia kwenye dungu lake, na kwamba hajahama, yuko shamba tu. Mimi sikuuliza kwa sababu najua. Nimekulia juu ya dungu lile lile, nimerusha mawe ya udongo mpaka bega likavimba. Lakini nimekaa miaka sita katika nchi ambayo kila mtu ana anwani moja, manispaa inaijua, na ukilala pengine muda mrefu unakwenda kuandikisha upya. Nimezoea hivyo, na sikujua kuwa nimezoea mpaka nilipowatoa nyie nyote.

Nilipokata simu ya dada niliifungua ile programu. Sisi waandishi wa programu tuna chombo ambacho kinatunza kumbukumbu ya kila badiliko. Ukigusa mstari wowote kinakuonyesha nani aliuandika, lini, na alisema anauandikia nini. Nakiri mbele yako kwamba nilikuwa naomba Mungu nikute mtu mwingine ameingia akaharibu. Nikagusa mstari ule. Zuhura Mbonde. Na sababu niliyoandika pembeni ni "kusafisha majina." Nililia, baba. Kusafisha, neno nililoliandika mwenyewe.

Katika vyombo vyote vya kazi yangu, hicho ndicho ninachokipenda kuliko vyote, hata baada ya kunifedhehesha. Nimewaza sana kuwa siasa zetu zinakosa kitu cha namna hiyo. Jambo likiharibika kijijini hakuna anayejua nani aliligusa na kwa nini, na anayejua anaogopa kusema. Chama cha Mzee Mkumba kimezoea kutoeleza. Chama chako kimezoea kushuku, na siwezi kuwalaumu, maana mara nyingi mmeshuku na ikawa kweli. Siku hizi hata kwenye simu watu wanapunguza sauti wakifika kwenye habari hizi. Kwa hiyo kompyuta ilipowatoa watu wa ng'ambo, na wote ni watu wa kusema hapana, kila mmoja alikuwa na jibu tayari, na hakuna aliyefikiria kumuuliza Zuhura.

Ijumaa nilimpigia Mzee Mkumba. Sikumwambia bado, nilitaka wewe uwe wa kwanza. Nilimuuliza tu, siku ile ya mkutano ilikuwaje? Akasema, "Nilimuuliza mtendaji, Omari yuko wapi kwenye karatasi hii? Akaniambia kompyuta imekataa. Mie na kompyuta wapi na wapi, mwanangu? Nikaogopa kuonekana nampendelea rafiki yangu." Kwa hiyo anayo lawama yake, ya kunyamaza, na ukimpa hiyo nitakuunga mkono. Lakini ile unayotaka kumpa Jumamosi si yake.

Najua ninachokuomba. Watu wa chama chako hawatafurahi. Wanataka mzee aliyeonewa, na mimi nawaletea binti aliyekosea. Nawe utabaki na aibu kwamba aliyekutoa kijijini ni damu yako, wakati umekuwa ukijisifu juu yangu toka Mahege mpaka Ikwiriri. Ila lipo hili pia: orodha ikiwa mbovu, mkutano ule nao ni mbovu, na wilayani bado hawajasaini. Nimeandika barua nyingine ya kurasa mbili kwa mkurugenzi, nimeeleza kosa lote na kuambatanisha orodha iliyosahihishwa, watu wa ng'ambo wote wamo. Dada ataipeleka mwenyewe kesho. Sijui kama watauitisha mkutano upya. Najua tu kwamba kwa kumtukana Mzee Mkumba hawatauitisha.

Nisalimie mama, mwambie ile khanga aliyonitumia naivaa nyumbani na hainibani. Nisalimie shangazi Mwanaidi wa Mtawanya, mwambie naulizia macho yake. Wasalimie wajukuu zako wa kwa Dada Mwanahamisi, na Dada mwenyewe, ambaye sasa hivi anakusomea haya, nampa pole kwa kazi hii. Wasalimie wote wenye madungu, mmoja mmoja kwa jina, na waombe radhi kwa niaba yangu mpaka nije niwaombe mwenyewe.

Jumamosi usikatae kupanda jukwaani, baba. Panda. Lakini kabla ya hapo, leo hii ukiwa na nguvu, nenda na karatasi hii kwa Mzee Mkumba, mkae, dada awasomee wote wawili. Halafu mpande wote, na isomwe tena mbele ya watu kuanzia juu mpaka chini. Usiruke popote, na usiseme ni kompyuta. Wakiuliza ni nani, mtaje aliyetia sahihi hapa, na ubini wake.

Mwanao anayekuomba radhi,

Zuhura Omari Mbonde