Mama mkwe kanikuta nanyonya wino

Mwenzangu, acha hicho unachofanya. Leo nimeaibika, sina pa kuuficha uso.

Ile printa kubwa ya hapa dukani ilianza kutoa picha zenye mistari myeupe. Nikaisafisha kwa kitufe mara tatu, wapi! Nikajua vitundu vya kichwa chake cha kutolea wino vimeziba kwa wino mkavu.

Nikakitoa kichwa, nikakilaza juu ya tishu yenye maji ya uvuguvugu. Bomba la sindano la kuvutia wino silioni. Nikachukua mrija wa soda, nikanyonya. NIKANYONYA, mwenzangu!

Wino ukaja wote kwa mpigo.

Nainua macho, kuna mama kasimama. "Mwanangu, midomo imekuwa ya buluu! Huna hewa! Lala chini!"

Akanilaza sakafuni, akanipepea kwa bahasha. Na mimi siwezi kusema, mdomo umejaa wino!

Nilipotema ndipo akaelewa. Akaniuliza jina, nikataja. Akanitazama toka juu hadi chini. "Kumbe ndiye wewe! Mimi mama wa mchumba wako. Nimekuja kukuona kimyakimya kabla hajakuleta nyumbani."

Nilitamani ardhi inimeze.

Nikarudisha kichwa kwenye printa, nikachapa karatasi ya majaribio mbele yake. Mistari yote ya rangi imetimia, hata mmoja haujakatika!

Akaikunja ile karatasi, akaitia mkobani. "Printa yangu ya nyumbani imeziba mwezi wa pili huu. Njoo Jumapili uitazame. Huyo mchumba wako anaitibu kwa makofi."

Haya niambie, nivae nini?