Mzunguko wa Sakafu ya Mbata

Msambweni, Jumamosi. Jua la kuchoma utosi, kiwiko kimevimba, na sitaki kuonana na mtu.

Nianze na hao vijana wa Diani wanaocheza na mbao za magurudumu. Soksi hadi magotini katika joto hili, na kila wakiruka mara moja lazima wapigane picha ishirini. Mzee akipita mbele yao, hawamwamkii. Niliwadharau tangu siku ya kwanza na leo bado nawadharau.

Ila wao wanajua kuzunguka.

Kevo, kiranja wao, aliniazima ubao wake wa magurudumu mwezi mzima. Kesho anarudi kwao Nairobi. Tulikubaliana kwamba nikiweza kuzunguka duara zima juu ya magurudumu mawili ya nyuma, mbele ya wote, ubao utabaki kwangu. Sijawahi kutaka kitu namna ile.

Nilijifunzia uani kwa shangazi, kwenye sakafu ya saruji anapoanika mbata na kukamua mafuta ya nazi. Siku ya nne tu nilikuwa nazunguka kama pia.

"Mwanangu, hebu kajaribu na mahali pengine," shangazi aliniambia huku akipasua nazi zake.

Nikamwona mshamba. Anajua nini huyu, nikasema moyoni, na hajawahi kukanyaga ubao?

Leo asubuhi nikasimama mbele yao Diani, kwenye saruji kavu ya maegesho ya magari. Nikakanyaga mkia wa ubao, nikajisokota kiuno. Magurudumu yakang'ang'ania palepale. Nilizunguka peke yangu, nikaangukia kiwiko.

"Ati ulikuwa unapractice wapi?" Kevo aliuliza, akacheka hadi akakaa chini. "Board inarudi Nairobi na mimi, siz."

Kumbe sikuwahi kuzunguka hata siku moja. Sakafu ile ya shangazi imekunywa mafuta miaka na miaka. Nilikuwa nateleza tu, mjinga mimi, na kujipigia makofi.

Shangazi amenikanda kiwiko kwa mafuta yaleyale. Afadhali angenicheka.

Nawasema wenzangu kwamba hawawaamkii wazee. Mimi humpa shangazi shikamoo yake kila asubuhi, kisha simsikilizi hata kidogo.

Kesho nikimwamkia, nitamtazama usoni kweli?