Debe Linalovuja

Mpendwa mshauri,

Nakuandikia kwa unyonge, naomba unisaidie kwa neno moja ambalo limenikosesha usingizi. Mimi ni mchota maji hapa Chuno, Mtwara, na mke wangu Laurinda alifariki wakati wa mvua, akaniachia Olinda na mdogo wake Filipo, ambaye mpaka leo halali asiposhika kanga ya dada yake. Sasa shemeji yangu Adelino amekuja kutoka Kitaya, kule mtoni Ruvuma, akakaa kwa upole, akasema, “Shemeji, wewe umepoteza mke, mimi nimepoteza dada. Watoto ni wawili. Nipe Olinda, wewe baki na Filipo, tusawazishe.” Kwa mila yetu mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake, basi nikanyamaza, naye akasema atarudi kumchukua.

Tangu hapo naota nimebeba mzegazega wangu, debe la mbele tupu na la nyuma limejaa, lakini mti umelala sawa begani, na majani mabichi aliyokuwa Laurinda akiyaweka juu ya maji yasimwagike yanaelea polepole, naye anatembea nyuma yangu. Zamani debe langu moja lilivuja, nami nilikuwa nikisimama njiani kupunguza maji ya debe zima ili yalingane, naye akinicheka, “Baba Olinda, unamwaga maji ili ubebe hewa? Sogeza bega.” Nimesoma mpaka darasa la nne tu. Je, kusawazisha ndiko huko anakosema shemeji?

Custodio, Chuno

Jibu

Bwana Custodio, pole sana kwa msiba. Lakini mbele ya shemeji ulifunga mdomo, ukaja kuufungua kwangu, na kimya chako amekichukua kuwa ndiyo.

Kusawazisha ni kuweka nguvu upande huu ili uzito wa upande ule usikuangushe. Kupunguza pande zote mbili mpaka zilingane ni kumwaga tu. Ukimtenga Filipo na dada yake, huzuni ya Adelino haitapungua hata kidogo. Mtakuwa mmeongeza ya mtoto.

Hata hivyo usimfanye Adelino mwizi. Naye amefiwa, na nyumba yake imepoa. Usingoje arudi. Nenda Kitaya wiki hii na watoto wote wawili, mpe heshima yake ya ujomba, umwambie hawatatenganishwa. Likizo zote wakae kwake pamoja, na msimu wa korosho ukifika nenda nawe ukaokote naye. Hapo wewe ndiye utakayekuwa umesogea.

Akilirudia neno lake, usimjibu kwa maneno yangu. Msimulie habari ya debe linalovuja, taratibu, kama ulivyonisimulia mimi. Ataijua sauti ya dada yake.