Barua Kumi na Nane, Mwandiko Mmoja

Jumanne, Isiolo. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi ndani ya kabati la nguo. Sina raha.

Wiki iliyopita nilikuwa nikipanga karatasi zangu za usaili. Shirika letu linatafuta mkurugenzi wa kanda nzima, na baada ya miaka mingi ya kuongoza miradi ya elimu huku kaskazini, nimo katika watu watatu waliobaki. Nilikuwa nimeambatanisha barua za watoto wa darasa la tatu za kushukuru kwa vitabu tulivyowapa, shule moja upande wa Kulamawe. Barua kumi na nane. Nimezisifu mbele ya wafadhili na mbele ya watu wa kaunti.

Ndipo nikaiona herufi k. Kila k ilikuwa na mguu uliojikunja mwishoni kama mkia wa nge. Watoto wote kumi na nane, mkia mmoja.

Nilimuuliza Mutuma, afisa wangu wa mradi. "Si wamefundishwa na mwalimu mmoja, Madam?" akasema, akacheka.

Alicheka haraka mno.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimshuku kila mtu: Mutuma, mwalimu, hata dereva aliyezileta. Leo nimeendesha gari mwenyewe mpaka shuleni huko, bila kumwambia mtu.

Mwalimu Habiba alinipokea mlangoni kwa salaam, akanipa kiti chake. Hakushtuka, na hilo likaniudhi zaidi. Nikaomba mtoto mmoja aandike jina lake ubaoni. Akaja Talaso, msichana mwembamba ambaye barua yake ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Akachora T. Akabaki hapo, chaki mkononi, macho kwa mwalimu wake. Wenzake wakainamisha vichwa.

Tukatoka nje.

"Ni mimi nimeandika, Madam. Zote."

"Umenidanganya, Mwalimu."

"Ofisi yenu ilitaka barua kufikia Ijumaa. Hawa bado hawajui kuandika. Nikauliza kila mmoja anataka kusema nini, wakaniambia kwa Kiborana, nikaandika."

Akatoa kwenye mkoba wake maagizo yaliyotoka kwetu. Barua ziwe fupi, ziwe za furaha, zisitaje shida. Chini kulikuwa na sahihi.

Yangu.

Sikumbuki kuitia. Natia sahihi karatasi nyingi bila kuzisoma. Huo ndio ukweli, na sijawahi kuuandika mahali popote.

Nikamuuliza mwalimu, Talaso alikuwa amesema nini hasa.

"Alisema vitabu ni vizuri, lakini vinaongea Kiswahili na yeye bado hakijui. Mimi nikaandika vitabu ni vizuri."

Maneno hayo ndiyo niliyoyasoma mbele ya wafadhili, watu wakapiga makofi.

Nilimwomba aniandikie upya, kila kitu watoto walichosema. "Utampelekea nani? Na mimi nitabaki na kazi?" Nikamwapia kwamba hataguswa. Akasema atafikiria. Niliona wazi kwamba haniamini. Ningekuwa yeye, nami nisingemwamini mtu kama mimi.

Niliporudi mjini nilimpigia Mutuma simu. Akasema, "Nilidhani unajua, Madam."

Nilitaka kumfokea, nikashindwa. Barua hizo zimekaa mezani kwangu miezi. Labda niliiona ile k siku ya kwanza, nikafunga faili kwa sababu barua zilinifaa. Nimewachunguza watu wote wiki nzima isipokuwa mimi.

Nimezitoa kwenye maombi yangu, na nimewaandikia wanajopo wa usaili kwa nini, nikisema kosa ni la ofisi yangu, si la mwalimu. Nimetuma.

Usaili ni keshokutwa. Wakiniuliza kama watoto wale wanajua kusoma na kuandika, nitasema bado.

Halafu nisijitetee.