Unga Usiochekechwa

Rumonge, Jumapili

Kwako Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Natumaini karatasi hii itakukuta salama, na yale magoti yamekuachia hata kidogo, upate kusujudu bila kushika ukuta. Watoto wa kaka huko Nyanza-Lac hawajambo? Na yule mbuzi aliyekula pazia, ameshazaa? Sisi huku amahoro, salama tu. Mkweo Rachidi anakusalimu sana. Marwan naye anakusalimu, amesimama hapa ananivuta kalamu. Ni mzima. Hilo nimelitanguliza ili usisome yanayofuata huku moyo unaruka.

Utashangaa kupata barua na simu ipo. Mama, kwa simu hatuwezi. Nikianza neno unalidaka, unalia, na mimi nalia, salio linakwisha na neno bado liko mdomoni kwangu. Karatasi haikatizwi. Kaa chini uisome mpaka mwisho, tafadhali.

Nimechoka. Nikisema nimechoka watu wanadhani ni kazi ya nyumba, lakini kazi mimi siiogopi. Nimechoka kueleza. Daktari wa Bujumbura alisema alerji ya Marwan ni samaki, karanga na mayai, asiviguse hata tone, na maziwa ya ng'ombe yanamchafua tumbo. Maneno mepesi hayo. Sasa nenda kayaseme Rumonge. Ni kama umesema mtoto asivute hewa.

Chanceline, jirani yangu, mwanamke mwema kabisa, aliniuliza mbele ya watu kisimani kama huyu mtoto nimemzaa hapa ziwani ama nimemuokota Ngozi huko milimani. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nifanye nini. Kesho yake akamletea andazi. Nikamuuliza lina yai? Akasema hapana. Nikauliza tena. Akasema yai moja tu, kwa unga wote ule, litamfikia saa ngapi? Nikamrudishia andazi lake kwa mikono miwili na kumwambia murakoze, asante, na wiki nzima hakunisalimia.

Kwenye akika ya binti wa shemeji ndiyo usiseme. Sinia moja, mikono ya watoto kumi, huyu ametoka kwenye samaki wa mukeke anaingia kwenye wali. Nikamkalisha Marwan pembeni na bakuli lake la ndizi na maharagwe niliyobeba toka nyumbani. Basi kila mama aliyepita akamuonea huruma, kila mmoja na tonge lake mkononi. Nikawa naruka kama kuku mwenye vifaranga. Shangazi mmoja akasema kwa sauti kwamba siku hizi wanawake wadogo wanaleta uzungu, wananyima watoto chakula kisha wanaita ni ugonjwa. Nilitaka kumjibu. Nikameza, maana nilikuwa kwa watu.

Na ndagala, Mama, hao dagaa wetu. Mji mzima unafurahi mwezi ukizama, mitumbwi ikaingia ziwani na taa zake, asubuhi mchanga wote umetandazwa ndagala zinakauka. Mimi siku hizo nafunga madirisha na kuloweka shuka nizibe nayo mlango, na bado mtoto macho yanavimba. Mbalamwezi ikirudi, wavuvi wakalala majumbani na njaa yao, ndipo mimi napumua. Hivi ndivyo nilivyogeuka, mtu wa Rumonge anayeombea ziwa lisitoe. Mungu anisamehe.

Katika shida zote hizo kulikuwa na kitu kimoja tu nilichompa mtoto bila kuogopa, nacho ni unga wako. Mahindi, mtama na soya, ulivyoniahidi, umeusaga mwenyewe, Jamali anauleta kwenye gari lake la mawese. Kila ukifika nilikuwa nauweka juu kabatini kama dawa. Na kila mara uliniambia kwa simu nisiuchekeche, nikichekecha natoa nguvu. Nikatii.

Ila miezi yote hiyo Marwan hakuacha kujikuna. Asubuhi akinywa uji anakohoa, midomo inakuwa myekundu, jioni inatulia. Nikawa naondoa vitu. Nikaondoa nyanya, nikaondoa maharagwe, nikabadili sabuni, nikamtoa paka wake nikampa Chanceline, mtoto akalia siku nzima. Nilikuwa nafagia nyumba yote na uchafu ukiwa kwenye fagio.

Kisha ikaja ile asubuhi ya Alhamisi ambayo unaijua nusu. Ulikuwa umetuma mfuko mpya. Mimi nilikuwa nyuma nafua, Bi Salme, mama mkwe, alikuwa jikoni na mtoto, akampa uji. Nikasikia ananiita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nikamkuta Marwan uso umevimba macho hayaonekani, anavuta pumzi kama mtu anayevuta kamba. Bi Salme, na umri wake, alimbeba mgongoni mpaka barabarani bila viatu, akasimama katikati ya lami mpaka gari likasimama. Hospitalini wakamchoma sindano. Muuguzi akaniambia tungechelewa kidogo tu, tusingekuwa na mtoto.

Jioni ile ulipiga simu. Nilipokueleza, ulisema nini, Mama? Ulisema nitazame mkono wa mama mkwe. Ulisema wale ni watu wa duka la samaki toka babu zao, hawawezi kukubali mjukuu asiyekula samaki, lazima amemtilia. Mimi nilikuwa sijalala, akili haiko, na neno likitoka kwa mama linaingia. Nikalifikisha kwa Rachidi. Rachidi akamuuliza mama yake mbele yangu. Bi Salme hakupiga kelele. Aliapa mara moja, akafunga nguo zake kwenye kitenge, akaenda Bujumbura kwa binti yake.

Mtoto akarudi nyumbani. Siku zile alikuwa anakula ndizi za kuchemsha tu, hataki kingine. Alipopata nguvu nikasema nimpikie uji. Nikashusha mfuko wako, nikakuta umeingia wadudu. Sikuwa na namna, ikabidi nichekeche.

Mama, unga ulishuka mweupe. Juu ya chekeche vikabaki vitu vinang'aa kama magamba, na katikati yake kichwa kimoja kidogo, kikavu, kimeponyoka kinuni. Kina jicho. Ndagala moja inanitazama. Nikanusa. Chini ya tangawizi uliyotia, harufu ya mchanga wa huku.

Nilikaa pale chini mpaka Rachidi akarudi. Sikuwa na hasira bado, hasira ilikuja baadaye. Nilikuwa nawaza jinsi nilivyokuwa nampa kwa mkono wangu, namwambia kunywa baba, bibi amekuletea.

Siulizi kwa nini, maana najua. Nakumbuka kambi ya wakimbizi kule Kigoma, nakumbuka siku mgao ulipochelewa na wewe ukachemsha maji na chumvi ili tuone moshi tulale na tumaini. Mtu aliyepita pale hawezi kusikia mtoto anakatazwa chakula. Ulisema moyoni, nitamzoesha kidogo kidogo, mwili utajua, siku moja Raisa atanishukuru. Na mfuko wa mwisho ukaongeza, kwa sababu hakuna aliyelalamika. Nimekosea? Kama nimekosea niambie, nitafurahi.

Lakini mwili wa Marwan hauzoei, Mama. Unakumbuka tu. Kila mara unakumbuka vibaya zaidi.

Nilimpigia Bi Salme nikamuomba msamaha, nikamwambia nilichokuta kwenye chekeche. Nilidhani atafurahi kusafika. Akasema: "Usimwambie. Mimi nimeshatukanwa, Mama Marwan, limepita. Acha libaki kwangu. Mama wa mtu hapewi neno kama hilo, atakufa nalo."

Huyo ndiye uliyeniambia nitazame mkono wake.

Nimelifikiri sana hilo alilosema. Ni heshima kubwa, na nilitaka kulifuata, nikae kimya, unga niwe naumwaga, nikuambie mtoto anaupenda. Lakini nikikaa kimya utatuma tena. Siku moja sitakuwepo nyumbani, mtu ataupika. Kwa hiyo nimekuambia. Kama ni uchungu, bora uwe wangu na wako kuliko kaburi la mtoto. Sikuchukii. Sijui hata kama ningeweza.

Jamali amebeba barua hii, na nimemwambia kwamba toka leo hapokei mfuko wowote kutoka kwako kuja kwangu, hata ukimlilia. Usimkasirikie, ametumwa. Bi Salme anarudi kabla ya Idi. Ningependa umpigie wewe mwenyewe, si kwa kupitia mimi. Maneno utayajua.

Na Idi njoo. Najua kwetu bibi haendi kwa mjukuu mikono mitupu, watu wa njia nzima watakuangalia, na wewe mwenyewe utajisikia uchi. Njoo hivyo hivyo. Usibebe unga, usibebe karanga, hata biskuti ya dukani usinunue. Ukishuka kwenye gari nitakuwa nimesimama pale, nitakunawisha kwa sabuni mbele ya watu, na usione haya, maana hata Rachidi namnawisha. Kisha umbebe. Toka alipotoka hospitali ananiuliza bibi wa uji atakuja lini. Uji ameshausahau, Mama. Sasa anasema bibi tu.

Msalimie kaka na wanawe wote, na mwambie Taqwa nimepata picha yake ya shule, amependeza. Rachidi anasema utulize moyo. Tunakungoja, mikono mitupu.

Mimi mwanao anayekupenda,
Raisa, Mama Marwan