Sahihi Yako Iko Chini

Gaborone, 3 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mko wazima huko, na mguu umepunguza kuuma. Mimi nipo, ila nimechoka, Mama, uchovu wa kuamka nao. Pasaka sitaweza kuja. Setilaiti yetu imezeeka, mafuta yake yanaisha, na wakubwa wameamua nafasi iliyobaki wawape wenye meli, wanaolipa zaidi. Mikataba mia mbili na kumi ya wateja wengine naipitia peke yangu ili ivunjwe, mwanasheria mmoja wa kampuni nzima. Nikifumba macho naona vifungu tu.

Mwanao,
Gorata

Kliniki, 29 Machi

Mwanangu Gorata,

Marahaba. Mguu ndio huo, unanivumilia nami nauvumilia. Barua hii nampa dereva wa gari la dawa, maana huku simu bado hazishiki.

Jana imefika barua ya kampuni yenu. Baada ya siku thelathini, sahani yetu ya paani, ile inayotuunganisha na setilaiti yenu, inazimwa. Muuguzi mwenzangu, Mma Sebina, aliisoma kwa sauti, akafika chini akanionyesha kwa kidole.

"Mma Tiro, hili si jina la mtoto wako?"

"Kina Gorata wako wengi."

"Gorata Tiro wako wangapi?"

Nilikaa kitako. Wiki iliyopita mke wa Kabelo alijifungua mtoto aliyetanguliza miguu. Daktari wa hospitali ya Tsabong alituongoza kwenye skrini, neno kwa neno, mpaka mtoto akalia. Bila sahani ile ningezika wawili. Ulijua kuwa ni sisi?

Mama yako

Gaborone, 9 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nilijua. Nilipofika kwenye jina la kliniki niliinuka nikaenda kunawa uso. Kisha nikarudi nikasaini. Kile kifungu cha siku thelathini nilikiandika mimi, mwaka wangu wa kwanza, nikapongezwa mbele ya watu. Mengine ya ofisini siruhusiwi kuyasema, hata kwako. Ukiuliza nitanyamaza, nawe utadhani sijali.

Gorata wako

Kliniki, 2 Mei

Gorata,

U mzima? Nimekuandikia mara mbili hukujibu. Sahani wameizima juzi. Jana binti wa Ditiro alishikwa na uchungu, tukampeleka Tsabong kwa gari, mwendo wa saa nne kwenye mchanga, nimemshika mkono. Yeye kapona. Mtoto hakufika.

Sikutukani. Ila kwa sasa sina la kukuandikia.

Mama

Kliniki, 20 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Nimeshindwa kununa. Sahani inafanya kazi tena! Kampuni yenu imeandika kwamba leseni yao hairuhusu kukata mawasiliano ya wagonjwa kabla ya kuwapatia mengine, kwa hiyo tutabaki hewani mpaka setilaiti mpya ije. Amesaini mwanasheria Molosiwa. Mma Sebina ameibandika ukutani. "Huyu ndiye mwanasheria," ananiambia, "siyo yule wa kwenu!"

Nilicheka naye, halafu nikaumia. Wewe uliyesoma hivyo, hukuiona leseni hiyo? Na mbona jina lako halipo tena?

Mama yako

Gaborone, 1 Julai

Mama yangu,

Shikamoo. Jina halipo kwa sababu mwenyewe sipo. Barua yako ya Mei ilipofika, niliandika jambo kwa wakurugenzi. Wakaniambia nilifute, nikakataa. Wakaniambia nifungashe vitu vyangu, nikafungasha; karatasi ikabaki mezani kwao. Kuhusu leseni usiniulize: nilichoandika ni siri ya kampuni, na hata nikiwa nje kinanifunga mdomo. Bwana Molosiwa, aliyeshika nafasi yangu, mshukuruni, hajakosea.

Hili moja nitakwambia, kwa kuwa ni langu mwenyewe. Jambo hilo nililijua tangu katikati ya Aprili. Nilikaa nalo wiki tatu, nikiogopa kufukuzwa. Barua zako mbili nilikuwa nazo mezani, na kila nikishika kalamu mkono unakataa. Katika wiki hizo tatu ndipo mlipopita kwenye mchanga na binti wa Ditiro.

Nakuja Jumamosi na basi. Usiniandalie chakula. Nikishuka, nipeleke kwake kwanza. Sijui nitamwambia nini. Wewe nipeleke tu.

Mwanao,
Gorata