Chumba cha Bure Jinja

Jumamosi, alasiri. Hapa Bariadi mvua inanyesha tangu saa nne asubuhi, na bati linapiga kelele hata nashindwa kusikia redio.

Naomba radhi kwa kunyamaza. Mara ya mwisho niliahidi kuendelea kueleza jinsi familia ya mwalimu mstaafu inavyoweza kwenda mapumziko nje ya nchi bila kuuza ng'ombe, kisha nikapotea miezi mitatu. Sikuugua wala sikusafiri. Sikuwa na jambo la kuandika ambalo lilikuwa kweli na ambalo ningethubutu kuliandika.

Kwa asiyejua, safari ni ya Jinja, Uganda. Mke wangu, Mama Kulwa, alizaliwa Kalemela, kando ya ziwa. Marehemu baba yake alikuwa akimwambia kwamba ziwa lote lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko Jinja, ambako maji huanza kuitwa Mto Naili. Tangu utotoni anataka kuuona mlango huo. Mwaka huu daktari alimpima macho, akasema kama kuna kitu anatamani kukiona, asikicheleweshe.

Binti yetu, Doto, aliposikia kwamba nitatupeleka sote, yeye na wanawe wawili wakiwamo, alicheka hadi akakaa chini. "Baba, wewe ambaye soda moja tunagawana watatu? Leo unapeleka watu Uganda?"

Nilimjibu kwa mpango. Tungepanda basi hadi Lamadi, kisha Musoma, Sirari, Kisumu na Busia. Tungekwenda wakati shule zimefungwa na pamba imekwisha kuuzwa. Tungebeba matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, tusinunue chakula njiani. Hayo yote niliyaandika hapa. Nikaandika pia kwamba kilichonishinda ni malazi, na nikaomba ushauri kwa wasomaji.

Ushauri ulikuja siku ya tatu.

"Shemeji, msilipe nyumba ya wageni. Chumba kipo, karibu na mto. Mwambie dada alete matobolwa, yasinuke moshi. Mlifukue kasia langu mje nalo. Masanja."

Masanja ni mdogo wake Mama Kulwa. Tulimzika.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoanza na viwanda vya samaki vikaja. Malori ya barafu yalipanga foleni Lamadi, kila kijana akawa anamfuata sangara mbali zaidi kuliko baba yake. Masanja alitoka peke yake asubuhi na mtumbwi, hakurudi. Tulimtafuta siku mbili kwa boti ya mashine. Tulipata kasia lake likielea, kasia la mvule alilochongewa na baba yake. Wazee waliamua lizikwe badala yake, ili roho isitangetange. Likafungwa shuka, likalazwa, likafukiwa.

Katika ukurasa huu sijawahi kuandika habari za kasia hilo.

Doto alisema ni matapeli wa mtandao. Mama Kulwa hakusema hivyo. Aliniomba nimsomee mara ya pili, kisha mara ya tatu, akafunika uso kwa khanga. Kesho yake alikwenda sokoni kununua viazi. Sasa huvikagua kwa vidole, maana macho hayamwambii tena kipi kimekauka.

Mimi siamini mizimu. Hata hivyo nilikwenda Kalemela, kwa baba mdogo wa Mama Kulwa, mzee ambaye ndiye aliyesimamia maziko yale. Alinipeleka kwenye kaburi bila kunikaribisha kukaa. Lilikuwa limetitia katikati, bonde refu la urefu wa mtu.

"Mwili ukioza, ardhi hushuka," nilisema. "Hapa hakuna mwili."

"Ndiyo maana nimekuleta uone, mkwe." Akachoma udongo kwa fimbo, fimbo ikazama hadi karibu na mkono wake. "Liko hivi tangu masika."

Nikamweleza habari ya Jinja. Alitema mate pembeni.

"Mtu aliyezikwa hatembelewi. Mkila chakula chake mkalala kwake na huku kaburi lake limefungwa, nani atakuwa hai kati yenu na yeye? Kwanza afukuliwe. Mbele ya ukoo wote."

"Wote?"

"Wote waliochanga. Mbona unauliza kama mwizi, mwalimu?"

Alitania. Nami nilicheka. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikisikia kicheko changu.

Nilipofika nyumbani nilimwandikia huyo mtu wa Jinja faraghani. Nikamtaka athibitishe: kama kweli ni Masanja, siku ile aliondoka na nini ndani ya mtumbwi? Jibu lilikuja asubuhi.

"Shemeji, usinipe mtihani. Nilikuwa nimeshika ubao nyuma ya lile jiwe lililo jeupe kwa mavi ya ndege. Sauti ilikuwa imeniishia. Niliwaona mkiokota kasia langu. Niliwaona mkigeuza boti. Dumu la njano lilikuwa miguuni pako. Chumba kipo. Njooni, hamtalipa kitu."

Nimelisoma jibu hilo kila siku kwa miezi mitatu.

Dumu la njano lilikuwa miguuni pangu. Lilikuwa na mafuta. Katika boti tulikuwa wawili, mimi na mwenye mashine, ambaye sasa ni marehemu. Mimi ndiye niliyesema tugeuze. Ukoo ulikuwa umechanga fedha za kumtafuta, zikakabidhiwa kwangu kwa sababu mwalimu haibi. Bei ya mafuta ilikuwa ikipanda kila siku, nikajiambia kwamba aliyekufa amekufa, na kwamba ni upumbavu kumwaga fedha ziwani. Ufukweni niliwaambia kwamba mafuta yamekwisha na fedha zimekwisha. Mama Kulwa alinishika mikono, akanishukuru kwa kujitahidi.

Fedha zilizobaki nilinunulia mabati.

Ndiyo haya yanayopigwa na mvua sasa hivi. Kabla ya hapo tulilala chini ya nyasi.

Ingekuwa mizimu ningevumilia. Mizimu huchinjiwa mbuzi mambo yakaisha. Aliyenikosesha usingizi ni mtu aliye hai, ambaye kwa miaka yote hii hakutuma salamu hata kwa dada yake, na sasa ananiandalia kitanda. Sijui hiyo "hamtalipa kitu" aliiandika kwa uso gani.

Mama Kulwa huniuliza kila asubuhi kabla ya chai: "Baba Kulwa, amejibu?" Nami humwambia bado. Nilifundisha miaka mingi na kuwachapa watoto kwa uongo mdogo kuliko huo. Matobolwa yamejaa magunia mawili. Jana alinishika bega akidhani ni mlango.

Nikilifukua kasia, ukoo utataka kujua kwa nini. Nisipolifukua, hatuendi kwake, na Mama Kulwa hatamwona mdogo wake wala mlango wa ziwa. Naweza kukopa, nikalipia nyumba ya wageni, tukauona mto na kurudi kimya. Hilo nalo nimelifikiria, na nimeona aibu.

Kinywa changu kimekataa kulisema jambo hili, ndiyo maana nimeliandika. Doto husoma ukurasa huu kila Jumapili baada ya ibada, akiwa ameketi kwenye mkeka na mama yake, na humsomea kwa sauti, neno kwa neno, kama nilivyomfundisha.

Kesho ni Jumapili. Wao wawili wataamua kama tutafukua na kama tutakwenda, na pengine kama mimi nitakuwa miongoni mwa watakaokwenda. Wakishaamua, nitaandika.